Hadubini inayopima ukaribu wa protini ndani ya seli hai

Miezi michache iliyopita alikuja studio mzee mmoja na katoni ya chupa za dawa ya mitishamba. Alitaka tumsomee tangazo. Karatasi aliyokuja nayo ilisema dawa yake "imethibitishwa maabara kuua virusi". Nikamwuliza, "Shikamoo mzee wangu, naomba kujua. Virusi hivyo viliuawa wapi, ndani ya chupa ya kioo au ndani ya seli iliyo hai?" Akanitazama kidogo, akasema, "Mwanangu, maabara ni maabara."

Tangazo hatukulisoma siku ile. Lakini swali nililirusha hewani, na simu zilizoingia zilikuwa nyingi kuliko za siku ya mechi ya watani. Wengi mliuliza jambo moja: mtaalamu anajuaje kinachoendelea ndani ya seli bila kuipasua? Hewani nilikuwa na dakika tatu tu. Haya ndiyo maelezo marefu niliyowaahidi, na nimeyaandika ili yafunguke hata kwenye simu yenye bando dogo. Hayana picha.

Tofauti ya chupa na seli hai si ya kubishana maneno. Jiki nayo huua virusi kwenye chupa, na hakuna anayeinywa. Dawa ya kweli lazima ikifike kile inachokilenga, mara nyingi ndani ya seli, ikizuie, na iiache seli ikiwa nzima. Kuna njia ya kulitazama hilo likitokea, na msingi wake ni mwanga.

Mng'ao wa taa ya wakala

Tuanze karibu na nyumbani. Nenda kwa wakala wa kutuma na kutoa pesa mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Noti ikipita chini yake, kuna nyuzi na alama zinazowaka ambazo mchana huzioni. Ukiwa umevaa shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, nalo litang'aa kibuluu. Taa hiyo hutoa miale ya urujuanimno, ambayo jicho la mtu haliioni. Kuna molekuli ambazo hunywa nishati ya miale hiyo, hukaa nayo kitambo kidogo sana, kisha huitoa tena kama mwanga wa rangi nyingine. Nishati kidogo hupotea njiani kama joto, ndiyo maana mwanga unaotoka huwa na nguvu pungufu kuliko ulioingia. Wataalamu wanaita hali hiyo fluoresensi.

Usiichanganye na kimulimuli, ambaye hutengeneza mwanga wake mwenyewe kwa kemia ya mwilini. Wala usiichanganye na ile mistari ya fedha ya reflekta za bodaboda, ambayo hurudisha tu mwanga wa taa ya gari. (Kitambaa chenyewe cha njano kali cha reflekta, hicho ndicho chenye fluoresensi. Ndiyo maana jioni kinaonekana kama kinawaka.)

Kile kitambo kidogo nilichokitaja kishike vizuri, maana tutakirudia. Molekuli nyingi za aina hii hukaa na nishati kwa nanosekunde chache tu. Sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja. Katika nanosekunde moja mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita kwa mbio, husafiri sentimita 30, urefu wa rula ya mwanafunzi.

Nishati inayohama bila kuangaza

Sasa weka molekuli mbili za namna hiyo karibu. Ya kwanza tuiite mtoaji, ya pili mpokeaji. Unammulika mtoaji, naye anakunywa nishati. Kwa kawaida angeitoa kama mwanga wake, tuseme wa samawati. Lakini mpokeaji akiwa karibu sana, nishati hiyo humhamia yeye kabla mtoaji hajaangaza, na kinachoonekana ni rangi ya mpokeaji, tuseme njano. Ulimmulika mmoja, akawaka mwingine.

Aliyewahi kukaa karibu na ngoma mbili zilizowambwa kwa sauti moja anajua mfano wa jambo hili. Piga moja, na ngozi ya pili itavuma bila kuguswa. Sisi wa redio tuna mfano wetu: redio yako hunasa stesheni pale tu mtambo wake unapolingana na masafa ya kituo. Mtoaji na mpokeaji nao lazima walingane. Rangi ambayo mtoaji angeitoa iwe ndiyo ambayo mpokeaji anaweza kuinywa. Ila mfano wa redio unaishia hapo, kwa sababu redio hupokea mawimbi yaliyokwisha kurushwa hewani. Hapa hakuna mwanga unaoruka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Nishati huhama kwa mvutano wa umeme uliopo kati yao.

Aliyeiandika hesabu ya jambo hili sawasawa ni Mjerumani Theodor Förster, katika makala zake za mwaka 1946 na 1948. Jina lake ndilo herufi ya kwanza katika kifupi FRET kinachotumika duniani kote kwa kipimo hiki. Alichoonyesha ni kwamba uhamaji wa nishati hutegemea umbali kwa ukali wa ajabu: kwa kipeo cha sita. Tuchukue jozi ambayo nusu ya nishati huhama wakiwa umbali wa nanomita 5. Wakisogea hadi nanomita 2.5, huhama asilimia 98. Wakiachana hadi nanomita 7.5, huhama asilimia 8 tu. Kwenye nanomita 10 inabaki asilimia moja na nusu, yaani karibu hakuna kitu.

Nanomita ni nini? Milimita moja ina nanomita milioni moja. Unywele wa mtu una unene wa kati ya nanomita 50,000 na 100,000. Kwa hiyo tunazungumzia umbali ambao ni unene wa unywele uliogawanywa mara maelfu, na huo ndio ukubwa wa protini zenyewe. Mwaka 1967 Lubert Stryer na Richard Haugland walijaribu hesabu ya Förster kwa vijinyororo vya protini ambavyo urefu wake walikuwa wanaujua. Wakaikuta ni kweli, wakaiita FRET rula ya kupimia kwa mwanga.

Na rula hiyo inahitajika, kwa sababu hadubini ya kawaida ya mwanga, hata iwe ya bei gani, haitenganishi vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi. Fikiria gari linalokuja usiku kutoka mbali sana: taa zake mbili unaziona kama moja, mpaka lisogee. Ndani ya seli protini mbili zinaweza kuonekana ziko doa moja kumbe ziko mbali kama watu wawili wa kata moja wasiofahamiana. Kuonekana pamoja hakutoshi. FRET ikitokea, ujue wamegusana au wanakaribia kugusana.

Rangi kutoka kwa konyeza

Rangi hizo huingiaje ndani ya seli bila kuiua? Jibu lilitoka baharini. Ndugu zetu wa pwani wanamfahamu konyeza, yule kiumbe laini kama uteute anayewasha ukimgusa. Kuna aina yake moja katika bahari ya Pasifiki upande wa Marekani ambayo hutoa mwanga wa kijani. Mjapani Osamu Shimomura alivua maelfu ya konyeza hao pale Friday Harbor, na mwaka 1962 yeye na wenzake walitangaza protini walizozipata. Moja hutengeneza mwanga wa buluu. Nyingine hupokea nishati hiyo na kuwaka kijani. Yaani konyeza alikuwa akihamisha nishati kati ya protini zake kabla binadamu hajajua kuandika hesabu ya jambo hilo.

Mwaka 1992 Douglas Prasher alifaulu kunakili jeni ya ile protini ya kijani. Fedha za utafiti zilipomwishia aliwagawia wenzake nakala. Martin Chalfie akaiweka ndani ya bakteria na minyoo, wakang'aa. Roger Tsien akaibadilisha ikatoa rangi nyingine, zikiwamo samawati na njano, ambazo ni jozi nzuri ya mtoaji na mpokeaji. Mwaka 2008 Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Shimomura, Chalfie na Tsien. Prasher wakati huo alikuwa dereva katika kampuni ya kuuza magari huko Alabama. Mimi habari hiyo kila nikiisoma hunikaa kooni.

Kwa kuwa rangi hii ni protini, seli huitengeneza yenyewe ukiipa jeni yake. Unaiunganisha jeni ya rangi na jeni ya protini unayotaka kuifuatilia, na kila protini ya aina hiyo itazaliwa ikiwa na taa mgongoni. Mwaka 1997 Atsushi Miyawaki, Tsien na wenzao walikwenda mbali zaidi: walifunga samawati na njano kwenye ncha mbili za protini moja inayojikunja inapokutana na kalsiamu. Kalsiamu ikipanda ndani ya seli, ncha zinakaribiana na rangi inageuka. Hivyo kalsiamu ya seli hai iliweza kufuatiliwa kwa kipimo ambacho seli imejitengenezea.

Mfano wa VVU

Nimechagua mfano wa virusi vya UKIMWI kwa sababu ndio uliomleta yule mzee studio, na kwa sababu kipimo hiki kimetumika huko kweli.

VVU ikishaingia ndani ya seli huilazimisha itengeneze protini za virusi. Mojawapo inaitwa Gag. Gag ndiyo fundi mwashi wa kirusi. Inapotengenezwa, kimeng'enya cha seli yenyewe huiwekea kimkia cha mafuta, na kimkia hicho huisaidia kujibandika upande wa ndani wa utando wa seli. Hapo Gag hukusanyika kwa maelfu, zikabanana bega kwa bega, zikausukuma utando kwa nje mpaka kichipukizi kikakatika: kirusi kipya. Baadaye kimeng'enya cha virusi huikata Gag vipande, na kimojawapo ndicho hujenga ganda la ndani la kirusi. Dawa kama atazanavir na lopinavir, ambazo baadhi ya wasikilizaji wetu wanazitumia, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho kisikate.

Kirusi kizima kina upana wa takriban nanomita 120. Kwa hiyo ukitazama kwa hadubini ya mwanga unaona nukta, basi. Huwezi kujua kama Gag zimekusanyika au zinapita tu. Lakini ukizipa baadhi ya Gag taa ya mtoaji na nyingine taa ya mpokeaji, nishati itaanza kuhama mara tu zitakapobanana. Seli zinazotumika kwa kazi hii hazihitaji kuwa na kirusi kamili: Gag peke yake hujikusanya, lakini bila jeni za virusi haiambukizi.

Watafiti wa Imperial College London walichapisha kazi ya namna hiyo mwaka 2013. Walitumia hadubini inayojiendesha yenyewe kupima mkusanyiko wa Gag, kisha wakajaribu kemikali zinazozuia kimkia cha mafuta kisiwekwe. Kemikali ikifanya kazi, Gag hazikusanyiki, na FRET inapungua. Hili halikuwa tangazo la dawa mpya, na halikudaiwa kuwa hivyo. Kimeng'enya kinachoweka kimkia ni cha seli zetu wenyewe, hivyo ukikizuia unaweza kumuumiza mgonjwa pamoja na kirusi. Kilichothibitishwa ni kwamba kipimo kinaweza kutofautisha kemikali inayozuia na isiyozuia, ndani ya seli, kwa namba.

Rangi au saa

Kuna njia mbili kuu za kupima. Ya kwanza ni kulinganisha rangi: unammulika mtoaji, halafu kamera inasoma samawati ni kiasi gani na njano ni kiasi gani. Ni rahisi na ni ya haraka. Tatizo lake kila mwenye redio analijua: stesheni mbili zilizokaribiana huingiliana. Mwanga wa samawati una mkia unaoingia kwenye chujio la njano, na taa ya kummulika mtoaji humwamsha mpokeaji kidogo hata kama hakuna nishati iliyohama. Lazima upige picha za seli zenye mtoaji peke yake, na za mpokeaji peke yake, kisha utoe sehemu iliyovuja kwa hesabu. Ukisahau, utaona FRET mahali isipokuwepo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Badala ya kuuliza mtoaji anawaka kwa ukali gani, unauliza anakaa na nishati kwa muda gani. Ukitaka kujua kama simtanki lako linavuja, kuangalia maji yaliyomo hakukusaidii, kwa sababu huenda hata jana halikujazwa. Angalia yanashuka kwa kasi gani. Mtoaji aliye peke yake hukaa na nishati, tuseme, nanosekunde 4. Akiwa na mpokeaji jirani, nishati ina tundu jingine la kutokea, na muda unashuka, tuseme hadi 3. Hesabu ni nyepesi: muda umepungua kwa robo, basi asilimia 25 ya nishati imehama.

Uzuri wa njia hii ni kwamba seli yenye rangi nyingi na yenye rangi kidogo hutoa jibu moja. Seli hazilingani. Moja hutengeneza protini nyingi, jirani yake kidogo, kama mashamba mawili yaliyopandwa mbegu moja. Muda wa mng'ao haujali hilo.

Kuupima ndiko kwenye kazi. Leza hutoa vimulimuli vifupi sana vya mwanga, mamilioni mengi kwa sekunde. Mbele ya kamera kuna kifaa kinachofanya kazi kama mlango: hufunguliwa nanosekunde kidogo baada ya kimulimuli, kikafungwa. Kisha huongezewa ucheleweshaji kidogo, picha nyingine. Kisha tena. Picha hizo zikipangwa zinaonyesha mng'ao ukififia, na kompyuta inakokotoa muda katika kila sehemu ya picha.

Mashine inayokesha

Hadi hapa mtu mmoja mvumilivu angeweza kuifanya kazi. Lakini utafutaji wa dawa haujaribu kemikali moja. Hujaribu mamia au maelfu, kila moja kwa vipimo vikubwa na vidogo. Seli huoteshwa kwenye sahani ya plastiki ya mstatili yenye upana wa kama kiganja, yenye vishimo 96 au 384. Ile ya 384 ina safu 16 za vishimo 24. Kila kishimo kina seli zake na kemikali yake.

Piga hesabu na mimi. Vishimo 384, kila kimoja upige sehemu nne: ni picha 1,536. Kama kila moja inamchukua mtaalamu dakika kumi, kutafuta seli, kurekebisha lenzi, kupima na kuandika, ni saa 256. Ni siku zaidi ya kumi bila kulala. Seli za kishimo cha mwisho zitakuwa zimekufa au zimejaa hadi kupandana kabla hajazifikia, na kulinganisha kishimo cha kwanza na cha mwisho kutakuwa ni kulinganisha mche na gugu. Mashine ikitumia sekunde kumi kwa kila sehemu, kazi yote ni saa nne na robo.

Kinachosogea ni meza ya hadubini, si lenzi. Mota huisogeza sahani kutoka kishimo hadi kishimo. Kila inaposimama, mwale wa infraredi hugonga sakafu ya kishimo na kurudi, na kwa mwale huo mashine inajua kina sahihi hata kama sahani imepinda kidogo. Sahani za plastiki zote hupinda kidogo. Sanduku lililoizunguka hadubini hutunza joto la nyuzi 37, hewa ukaa asilimia 5 na unyevu, kwa sababu seli zinatakiwa zisijue kama zimetoka mwilini.

Faida nyingine haizungumzwi sana, nami naiona kubwa kuliko ya muda. Binadamu akitazama kwenye hadubini huchagua. Jicho humpeleka kwenye seli nzuri, inayong'aa, yenye umbo alilolitarajia. Hana nia mbaya. Ni kama mwandishi anayekwenda sokoni kuuliza bei na kumhoji yule mwenye sauti kubwa tu. Mashine haina kipenzi. Inapiga kila mahali ilipoambiwa, na kwenye programu ya kuchambua ndipo kanuni ya kuchagua seli huandikwa, wazi, watu wengine waisome.

Kundi lile la Imperial College limetoa bure maelekezo na programu za kuunda mashine ya aina yao, na kuendesha hadubini wanatumia programu ya Micro-Manager, ambayo nayo ni ya bure. Leza na kamera si bure hata kidogo. Lakini chuo ambacho tayari kina hadubini kinaweza kuanzia hapo bila kununua mtambo mzima uliofungwa.

Panapokosewa

Mashine ikikosea, hukosea mara 1,536. Kwa hiyo kila sahani hutengewa vishimo vya ushahidi: vyenye mtoaji peke yake, vyenye mtoaji na mpokeaji waliofungwa pamoja kwa makusudi, na vyenye wawili wasiohusiana. Kama vishimo hivyo havitoi majibu yanayojulikana, sahani nzima haiaminiki, hata matokeo yawe matamu vipi.

Kuna kosa la msongamano. Ukiilazimisha seli itengeneze protini nyingi kupita kiasi, mtoaji na mpokeaji watagusana tu kwa kubanwa. Siku ya mnada watu hugusana mabega, na hawajuani. FRET ya namna hiyo ni ya kweli kwa mwanga na ya uongo kwa maana.

Kuna rangi kuchakaa. Kitenge kikianikwa juani kila siku hupauka, na taa hizi za protini nazo hupauka zikimulikwa sana. Mpokeaji akipauka, FRET hushuka, na mtu asiye mwangalifu atasema dawa imefanya kazi. Mwanga mkali huiumiza seli pia.

Wakulima mtalielewa hili lingine upesi. Vishimo vya pembeni ya sahani hukauka kabla ya vya katikati, kama mistari ya mahindi ya mpakani inavyoteseka. Ukiweka dawa zote za jaribio pembeni na zisizo dawa katikati, utapima ukavu, si dawa. Kemikali hupangwa kwa kuchanganywa.

Halafu kuna kemikali zenyewe, ambazo baadhi hung'aa kwa asili yao. Dondoo za majani na mizizi zina tabia hiyo sana. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, hung'aa nyekundu chini ya taa ya zambarau. Dondoo la mmea likiingia kwenye kishimo linaweza kuongeza mwanga wake juu ya mwanga wa protini na kuvuruga usomaji wote. Ndiyo maana anayepima mitishamba kwa njia hii hupima kwanza dondoo kwenye seli zisizo na rangi yoyote, aone linang'aa kiasi gani lenyewe.

Mwisho kabisa huja hesabu ya kuamua kama kipimo kinafaa. Tangu 1999 wengi hutumia namba moja ambayo juu yake kabisa ni 1. Huangalia vishimo vya "ndiyo" na vya "hapana" vimeachana kiasi gani ukilinganisha na jinsi kila kundi linavyoyumba lenyewe. Ikifika 0.5 au zaidi, kipimo kinaweza kutumika kuchuja kemikali nyingi. Ikishuka chini ya sifuri, makundi mawili yameingiliana, na huwezi kutofautisha dawa na bahati.

Kati ya sahani na mgonjwa

Kemikali inayopita kwenye sahani bado iko mbali na hospitali. Inafuata kuangaliwa kama inaua seli zenyewe, kama inafika kwenye damu, kama inavumiliwa na wanyama, kisha watu wachache, kisha wengi. Dawa ya lenacapavir, sindano ya mara mbili kwa mwaka inayolishambulia ganda la VVU, lile lile linalotokana na Gag, iliingia kwenye jaribio la wanawake na wasichana wa Afrika Kusini na Uganda. Matokeo yake ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba kati ya 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi. Sisemi hadubini hii ndiyo iliyoigundua. Nasema Gag na vipande vyake si mambo ya kuchezea kompyuta. Na kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi, hakuna lolote katika makala hii linalomruhusu kuziacha kwa ajili ya chupa ya mtu.

Yule mzee alirudi wiki tatu baadaye, na safari hii alikuja na cheti chenyewe cha maabara, si karatasi ya tangazo. Tulikisoma pamoja mezani, mstari kwa mstari. Kilikuwa kipimo cha usafi. Kilisema kwamba chupa aliyoipeleka haikuwa na bakteria. Neno virusi halikuwepo popote. Aliyemwandikia tangazo ndiye aliyeliongeza. Mzee alikaa kimya, akakunja cheti chake, akaniuliza, "Sasa mwanangu, hicho kipimo cha seli hai mtu anakipeleka wapi?" Nikampa namba ya simu ya chuo chenye maabara ya dawa asili, akaiandika nyuma ya cheti.